Refa na Mkono wa Kushoto wa Minza

Mtu ninayemwandika hapa sitamtaja jina, na si kwamba nimelisahau. Mimi majina sisahau. Wanawake wote niliouza nao samaki mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapofikia, nawajua mpaka leo, kuanzia Nyanzala aliyekaa karibu kabisa na maji, hadi Consolata aliyekaa juu kwenye kivuli cha jiwe, na watoto wao, na mbuzi wa Consolata aliyeitwa Waziri. Lakini mtu huyu mtaa mzima ulimwita Refa. Mke wake alimwita Refa. Padri alimwita Refa mbele ya altare. Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa jirani yangu kule Ilemela, kwenye vile vilima vya mawe, miaka ile viwanda vilipoanza kuuzwa kwa watu binafsi. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na jiwe moja tu, na tulibishana jambo moja tu: siku ya fainali, mkono wa kushoto wa mwanangu Minza ulikuwa umekunjwa au ulinyooka? Kama ulikunjwa, Refa alimdhulumu mtoto wangu nafasi yake. Kama ulinyooka, hakumdhulumu. Hapo katikati hapana njia ya kupita, na sisi wote wawili tulikataa kuitafuta.

Kwa asiyejua mpira wa kikapu, nitaeleza kama Refa alivyonieleza mimi, akiwa amesimama uani kwangu na sahani ya sangara mkononi. Mchezaji anadunda mpira kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haujakatwa, upo, nao una hamu ya kazi. Adui anakuja kunyang'anya. Sasa ule mkono wa pili unaruhusiwa kukunjwa mbele ya mwili, ukae pale kama ukingo wa baraza, adui aje aukute. Lakini ukinyooka ukamsukuma, faulo. Ukimzungukia kiunoni ili umwache nyuma, faulo. Kiwiko kikitoka kwenda kutafuta mbavu za mtu, hiyo ni faulo na ni roho mbaya.

"Kiwiko kikiwa kwako, Mama Minza, ni chako," aliniambia. "Kikienda kwa mwenzako, ni changu."

Akaigusa filimbi yake. Filimbi ile ilikuwa shingoni saa zote, kwenye kamba nyeusi ya kiatu. Mchana alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha nguo, lakini nadhani hata huko kiwandani walisahau. Mtu alikuwa akiulizia karani, wanashangaa. Akiulizia Refa, wanamwonyesha mlango.

Mimi nimemjua miaka mingi na sijawahi kuona mtu aliyechukua sheria za uwanjani akazitembeza mtaani namna ile. Foleni ya bomba la maji ilikuwa yake. Asubuhi wanawake tumejipanga na ndoo, maji yanatoka kidogo kidogo, kila mtu ana haraka, mara filimbi: prrrii! Refa huyo, mswaki mdomoni, taulo begani.

"Bi Zaituni! Kusukuma kwa mkono! Ndoo nyuma!"

Na Bi Zaituni, mtu mzima, mwenye wajukuu, mwenye ulimi wa kumchuna mtu ngozi, alirudi nyuma! Alirudi akinung'unika, "Huyu mwanaume kalogwa na nani," lakini alirudi. Hakuna aliyewahi kumwuliza Refa ni nani aliyempa mamlaka ya bombani. Ukisikia ile filimbi miguu inasimama yenyewe. Hata mbuzi Waziri alikuwa akisimama.

Kanisani mke wake, Mama Kulwa, alikuwa akiivua ile filimbi na kuifungia kwenye pindo la khanga yake, kwa sababu wakati wa kwenda kupokea komunyo watu husukumana, na Refa mkono ulikuwa ukimwenda kifuani peke yake. "Nilimwona anavuta pumzi," Mama Kulwa aliniambia. "Nikamwambia, Refa, ukiipuliza humu ndani, leo unalala sakristia."

Sasa usije ukadhani alikuwa mtu mnyoofu kila upande. Mtu huyu alikuwa mwizi wa drafti. Mwizi! Alicheza na kinyozi wetu, Baba Neema, kwa vifuniko vya soda, na kila alipozidiwa alikuwa anapiga chafya kubwa, mkono wa shati unapita juu ya ubao, na chafya ikiisha vifuniko viwili vya Baba Neema havipo.

"Refa, ule mkono je?" Baba Neema akauliza siku moja.

"Huu ni ugonjwa," akajibu. "Ugonjwa hauna faulo."

Tena hakuweza kabisa kufunga kikapu. Watoto walikuwa wakimpa mpira makusudi, wamsimamishe hatua mbili tu kutoka kwenye goli, ili wamcheke. Mpira wake ulikuwa unakwenda popote, ukutani, kwenye kapu la mama wa mihogo, mara moja kwenye dirisha la ofisi. Hakuona haya. Alikuwa akisema kazi yake ni kuangalia mikono ya watu, yake mwenyewe hajawahi kuwa na muda wa kuiangalia.

Miaka ile video zilikuwa zimeingia mtaani, unalipa kidogo unaingia kwenye chumba chenye giza unaona Wamarekani wanaruka kama wana mabawa. Vijana wakawa wanatoka huko na maneno. Akaja Faustine, kijana mrefu, mjuaji, na fulana ya mtumba yenye namba mgongoni. Refa kampigia faulo ya kumkumbatia mlinzi, Faustine kawaka.

"Refa, mbona kwenye video wanafanya hivi hivi na hawapigiwi?"

Refa akamtazama kwa huruma. "Huko kwenye video mimi sikuwepo," akasema.

Sasa nifike kwa Minza. Mtoto huyu alizaliwa na mbio. Timu ya wasichana ya kiwanda ilimchukua akiwa bado yuko sekondari, na alikuwa ndiye mchezesha timu, yule anayepokea mpira nyuma na kuupeleka mbele kwenye msitu wa watu. Hakuna aliyeweza kumzuia. Na kwa nini hakuna aliyeweza? Refa ndiye aliyegundua, na alikuja kunishtaki kwangu kwenyewe.

"Mama Minza, mtoto wako anapita kwa mkono wa kushoto. Anawafungua watu kama mlango. Nani kamfundisha?"

Nikasema sijui. Kesho yake alfajiri Refa alikuja mwaloni kununua dagaa wa nyumbani, na mitumbwi ndiyo ilikuwa inaingia. Ninyi ambao hamjafika mwaloni mitumbwi ikiingia, nawaeleza: wanawake hatusubiri. Kila mmoja ana beseni lake, tunaingia majini mpaka magotini, wa kwanza ndiye anayechagua. Beseni unalibana kiunoni kwa mkono wa kulia. Na mkono wa kushoto ndio njia. Mkono wa kushoto unasema samahani, dada, nipishe, mama, hebu huko, wewe, yote hayo bila kufungua mdomo. Minza alikuwa akija na mimi tangu ana umri wa kubeba bakuli. Beseni kulia, njia kushoto. Akaenda uwanjani, akaweka mpira mahali pa beseni.

Refa alisimama kwenye mchanga, akanitazama nikimpitia Nyanzala, nikampitia Mama Sabina, nikafika kwenye mtumbwi. Akapuliza filimbi mpaka wavuvi wakadhani ni askari wa kukamata nyavu haramu, wawili wakaruka majini.

"Nimempata mwalimu wake!" akapiga kelele. "Ni mama yake! Mwalo mzima ni faulo!"

Siku hiyo nilicheka mpaka dagaa wakanimwagika. Lakini Refa hakuwa anatania. Alisema mkono ule utamponza Minza mbele ya mwalimu wa timu ya mkoa, na mtoto ana kipaji, na yeye atauponya. Akauponya vipi? Kwa mayai. Alimwekea Minza yai bichi kwapani, kushoto, akamwambia alibane, akunje mkono mbele, adunde mpira kwa kulia kuanzia kwangu mpaka kwake, kuzunguka jiwe. Mkono ukinyooka, yai linaanguka. Basi yalianguka! Jioni nzima unasikia du, du, du, paa! Du, du, paa! Njia yetu yote ikawa njano, inzi wakahamia, na mbwa wa mtaa wakawa washabiki wakubwa wa mpira wa kikapu.

Mayai yalitoka kwa kuku wa Mama Kulwa, ambaye hakuwa ameambiwa.

"Refa," nilimsikia ng'ambo ya jiwe, "kuku wangu wana nini? Wiki nzima hawatagi."

"Labda ni joto, mke wangu."

"Joto. Na hilo ganda kwenye kiatu chako nalo limetoka kwenye joto?"

Halafu nikasikia anakimbia. Kuanzia siku ile alileta nyanya, ila alisema nyanya haina uzito wa dhamira kama yai. Lakini mtoto alipona. Ilifika siku Minza alizunguka lile jiwe mara nyingi tu na nyanya ile ile moja, tukaipikia mchuzi, akala fundi, akala mwanafunzi.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wa kiwanda, timu yetu na timu ya kiwanda cha mafuta ya pamba. Mwalimu wa mkoa alikuja, akakaa kwenye kiti na soda yake, na kila mtu alijua amebakiza nafasi moja ya mchezesha timu. Moja. Ni Minza au ni Getruda wa mafuta ya pamba, msichana mnene wa mabega, mpole nje ya uwanja, uwanjani kama kabati. Refa alikuwa Refa. Mimi nilikaa juu ya mawe nyuma ya goli, na mwalo wote nyuma yangu, tumekuja na harufu yetu, watu wakatupa nafasi ya kutosha.

Mchezo ulikuwa mtamu mpaka unakera. Mkono wa Minza ulikuwa umekunjwa kama bado ana yai. Dakika za mwisho wenzetu walikuwa wametuzidi pointi moja. Minza akapokea mpira, akaja nao, du, du, du, Getruda kasimama mbele yake. Mwalo mzima tumesimama. Nyanzala amenishika nywele. Minza akaenda kulia, Getruda naye kulia, wakagusana, Getruda huyo chini, chali, miguu juu, mpira huo kwenye kikapu!

Tulipiga vigelegele tukamaliza, ndipo tukasikia kwamba filimbi ilikuwa imelia.

Refa alikuwa amesimama pembeni, mkono mmoja kiunoni. Kikapu kimefutwa. Faulo ya Minza, kusukuma kwa mkono. Mpira kwa mafuta ya pamba. Muda ukaisha hapo, na jioni ile nafasi ya mkoa ikaenda kwa Getruda.

"Mkono umekunjwa!" nilipiga kelele. "Refa, mkono umekunjwa!"

"Umenyooka, Mama Minza."

"Nimeuona kwa macho yangu!"

"Na mimi nimeuona kwa yangu. Yangu ndiyo yana filimbi."

Nyumbani nikamwuliza Minza mwenyewe, maana mkono ni wake. Alikuwa ananawa miguu. "Mama, mimi sijui," akasema. "Nilikuwa naangalia goli." Kama angelia ningejua la kufanya. Hakulia, alikaa tu akizungusha kidole kwenye maji ya beseni, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nikamnunia Refa. Nilinuna kwa ufundi. Alikuwa akinisalimia asubuhi, "Mwangaluka, Mama Minza," na mimi namjibu kuku aliye karibu. Nilikaanga sangara upande wa upepo, harufu yote iende kwake, halafu nagawia kila nyumba isipokuwa ile. Kwa Mama Kulwa nilikuwa napitisha kipande chake nyuma ya jiwe, maana yeye hakupiga filimbi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anakila mbele ya mumewe, polepole, bila kusema kimetoka wapi.

Mwaka uliofuata Minza alichaguliwa timu ya mkoa. Alirudi kutoka Dar na suti ya michezo ya bluu, akalala nayo wiki nzima. Mechi iliyompeleka aliichezesha Refa mwenyewe, na hakumpigia hata faulo moja ya mkono. Nilimsubiri njiani.

"Umeona?" nikamwambia. Hilo lilikuwa neno la kwanza baada ya mwaka. "Ni mkono ule ule!"

"Hapana, Mama Minza," akasema, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Huu ulikuwa umekunjwa."

Kiwanda kilipouzwa walipunguza watu, na Refa alikuwa kwenye waliopunguzwa. Aliamua kurudi kwao Magu akalime. Siku ya kuhama, kitanda cha Mama Kulwa kilikwama kati ya jiwe na ukuta, hakiendi mbele hakirudi nyuma, na dereva wa lori anapiga honi. Wote tukaja, Bi Zaituni, Baba Neema, Faustine, mwalo mzima. Tumekishika, tunaogopa kusukuma mbele ya Refa.

"Sukumeni!" Refa akaamuru. "Mikono, viwiko, mabega, leo ruhusa yote! Bi Zaituni, siku yako imefika!"

Sijawahi kuona wanawake wakisukuma kwa furaha namna ile. Kitanda kilitoka kama samaki. Kilitoka na kipande cha ukuta. Refa akapanda juu ya lori, akaketi juu ya godoro, na lori lilipoanza kuteremka kilima nikakimbia nyuma yake.

"Ulikunjwa!"

"Ulinyooka!" akajibu, na vumbi likamfunika.

Miaka ikapita. Minza akaolewa, akawa mwalimu wa michezo, akapata watoto, na kiuno kikapanuka. Mimi magoti yakaanza kuniuma. Siku moja tulikwenda Magu kununua mpunga wakati wa mavuno, nikamwambia Minza, hatutapita hapa bila kumwona yule mdhulumati.

Tulimkuta uani, mvi kichwa kizima, amekonda, filimbi shingoni. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai, mpira wa wajukuu uko pembeni, umepungua upepo.

"Shikamoo, Refa," Minza akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mkono haujambo?"

Hata maji hatujanywa, tumeshaanza. Nikasema ulikunjwa, akasema ulinyooka, Mama Kulwa akasema sijui ni lini Mungu atawanyamazisha. Refa akasimama ghafla. "Basi turudie," akasema. "Minza wewe ni Minza. Mimi nitakuwa Getruda."

"Wewe? Getruda alikuwa na mwili!" nikasema.

"Nitajaza mashavu. Na wewe, Mama Minza, utasimama nilipokuwa nimesimama mimi." Akaivua filimbi, akanivika. Nilikuwa sijawahi kuishika. Nyepesi, hata haina maana. Akanipeleka pembeni, akanishika mabega akanigeuza kidogo. "Hapa. Uso huko. Usipepese."

Minza akavua ndala, akafunga khanga kiunoni, akauchukua mpira. Haukuwa unadunda vizuri, ilibidi ainame. Refa akatanua miguu, akajaza mashavu. Wajukuu wakaja mbio. Minza akaja, akaenda kulia, Refa naye kulia, wakagusana, na Refa huyo, chali, katikati ya mpunga! Mpira ukatupwa juu, ukagonga mti wa mpapai.

"Mpunga wangu!" Mama Kulwa akapiga ukunga.

Na mimi nikapuliza. Sijui kwa nini, pumzi ilitoka tu. Refa amelala pale kainua kichwa ananitazama. Minza kasimama, mikono nyuma, ananitazama.

Nitasema kweli: sikuona chochote. Nilisimama mahali pazuri kuliko watu wote, sikupepesa, na nilichokiona ni khanga, mvi, mikono minne na vumbi la mpunga. Sijui kama ulikunjwa. Sijui kama ulinyooka. Lakini filimbi imeshalia, na watu wanangoja, na refa hawezi kusema hakuona. Moyo ulinidunda kama mpira wenye upepo. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa pale pembeni.

"Faulo," nikasema.

"Ya nani?" wakauliza wote wawili pamoja.

"Ya Getruda."

Refa akafungua mdomo. Nilimwona anavuta pumzi ya kubisha, kifua kikapanda. Kisha akaufunga mdomo. Wachezaji wa zamani walikuwa na adabu moja, ukipigiwa faulo unanyanyua mkono juu, watu wote wakuone kwamba umesikia. Refa, pale pale chali, punje za mpunga masikioni, akanyanyua mkono wake mwembamba mpaka mwisho.

"Kikapu cha siku ile kihesabiwe," akasema.

Minza akaruka, na kiuno chake kile, akapiga kelele kama msichana wa sekondari, wajukuu wakampokea bila kujua ni kwa ajili gani, nami nikapiga vigelegele mpaka filimbi ikaniingia mdomoni ikalia yenyewe.

"Kihesabuni," Mama Kulwa akasema, anatupa ufagio katikati yetu, "halafu mje mniokotee mpunga wangu, punje kwa punje, na refa wenu mpya ndiye ataanza."